Breki Isiyolalamika

Barabara ya udongo itokayo Kilosa kwenda Mikumi ina zaidi ya kilomita 70. Inaiacha nyuma stesheni ya reli na Mto Mkondoa, inapita Masanze, Zombo na Ulaya, kisha inaikuta lami ya barabara kuu ya Iringa. Milima ya Ukaguru na Rubeho hubaki kwa mbali, hivyo mgeni huidhania tambarare. Aliyeipita kwa baiskeli anayajua makorongo yake. Kila korongo lina mteremko, na chini ya kila mteremko kuna jambo linalosubiri: mchanga ulioletwa na mvua ya usiku, kundi la ng'ombe linalovuka, au mama mwenye ndoo kichwani na mtoto mgongoni ambaye hawezi kuruka pembeni ghafla. Nilifundisha fizikia kwa miaka mingi katika sekondari ya kata iliyo kando ya barabara hiyo, na usafiri wangu wa kwenda Kilosa kwa shughuli za halmashauri au Mikumi kwa mahitaji ya nyumbani ulikuwa baiskeli ya milimani.

Niliinunua Morogoro mjini, kwenye rundo la mitumba kutoka Japani. Wakati ule vijijini kwetu baiskeli iliyotawala ilikuwa Phoenix, ile nyeusi yenye chuma kizito, inayobeba gunia la mkaa, madumu ya maji, hata mgonjwa wa kupelekwa zahanati. Breki ya Phoenix ni fito za chuma zinazovuta vipande vya mpira na kuvibana kwenye rimu. Ikianza kuchoka, mwenyewe anajua siku hiyohiyo. Mkono wa breki unaingia ndani kidogo, kesho unaingia zaidi, keshokutwa unagusa usukani, na mwishowe mtu anateremka mlima huku amekanyaga tairi kwa kandambili. Breki ile inalalamika mapema, na malalamiko yake hata mtoto anayasikia.

Yangu ilikuwa na breki za diski za mafuta, mbele na nyuma. Kidole kimoja kilitosha kuisimamisha. Wakati wa masika, rimu inapokuwa imepakwa tope lote la njia, diski hukaa juu karibu na kitovu cha gurudumu, mbali na madimbwi, na breki inaendelea kushika. Kwa mtu anayesafiri mwezi wa Aprili kati ya Zombo na Ulaya, hilo ni jambo kubwa. Lakini baiskeli ya namna hiyo haikuja na kitabu chake, na mafundi wa vijijini hawakuwa wameizoea. Nililazimika kuisoma mwenyewe, na kumtafuta mtu wa kuifundisha mikono yangu kazi.

Kuisoma hakukunipa taabu, kwa sababu breki hiyo ni somo la kidato cha kwanza. Katika karne ya 17 Mfaransa Blaise Pascal alieleza kwamba ukisukuma kimiminika kilichofungiwa ndani ya chombo, kanieneo unayoiweka husambaa sawasawa kila upande. Kwenye mkono wa breki kuna pistoni nyembamba. Kwenye kalipa, kile kichwa kinachoikumbatia diski, kuna pistoni pana mbili zinazotazamana, kila moja ikisukuma pedi inayoibana diski. Kati yao kuna mpira mrefu uliojaa mafuta. Kanieneo ni ileile pande zote mbili, ila huku eneo ni dogo na kule eneo ni kubwa, kwa hiyo nguvu ndogo ya kidole inafika kwenye diski ikiwa imekuzwa. Shule yetu haikuwa na maabara ya maana. Baiskeli yangu iliingizwa darasani, ikageuzwa upande, kila mwanafunzi akabonyeza mkono na kutazama pedi zikisogea. Wapo waliolielewa somo lile siku hiyo baada ya wiki nzima ya kunakili ubaoni.

Sehemu iliyonivutia kuliko zote ni ndogo na haionekani kwa nje. Kila pistoni ya kalipa imezungukwa na sili, yaani duara la mpira. Ukibonyeza breki, pistoni inasonga kuelekea diski na sili inapinda pamoja nayo bila kuiachia. Ukiachia mkono, sili inajinyoosha na kuirudisha pistoni nyuma, mwendo ambao jicho linauona kwa shida. Pedi zikila, pistoni inahitaji kusafiri mbali kuliko sili inavyoweza kupinda. Hapo pistoni inateleza kidogo ndani ya sili na kupata kituo kipya, karibu zaidi na diski. Mafuta kutoka kwenye kitangi cha mkononi yanashuka kuijaza nafasi iliyoachwa nyuma yake. Breki imejirekebisha yenyewe, na mkono unaoubonyeza leo ni uleule ulioubonyeza mwezi uliopita. Msomaji aushike ukweli huu, kwa sababu makala yote haya yanaegemea hapo.

Mwalimu wangu wa mikono alikuwa mzee mmoja wa Kilosa, mstaafu wa karakana ya reli, aliyetengeneza baiskeli chini ya mwembe si mbali na stesheni. Siku ya kwanza nilimfikia na breki ya mbele inayolia. Nikamwamkia, akaitika marahaba, nikaanza kumweleza habari za kalipa. Akaninyooshea kiganja kwa upole.

"Mwalimu, ugonjwa niachie mimi. Wewe niambie inaliaje."

Nikamwambia inalia gurudumu likizunguka.

"Inalia moja kwa moja, au inalia inanyamaza, inalia inanyamaza?"

Swali hilo peke yake ni shahada ya ufundi. Sauti isiyokatika maana yake kalipa haijakaa katikati, na pedi moja inaigusa diski muda wote. Sauti inayokuja mara moja kwa kila mzunguko maana yake diski imepinda mahali fulani. Sauti inayoanza baada ya kushika breki, kisha ikapungua polepole, maana yake pistoni moja ni nzito kurudi. Hitilafu tatu, dawa tatu, na mtu anayekimbilia spana kabla ya kusikiliza anaweza kuilegeza bolti iliyokuwa mahali pake.

Mzee alikuwa na mpangilio wake, na hakuuvunja hata mteja akiwa na haraka. Alianza na gurudumu. Aliisimamisha baiskeli chini kwa magurudumu yake, akalegeza kibano cha ekseli, akaisukuma baiskeli chini kwa uzito wake ili ekseli ikae vizuri kwenye foku, akakaza upya. Kelele nyingi huishia hapo, bila breki yenyewe kuguswa. Ikiwa bado inalia, alichukua spana ndogo ya pembe sita, ile iliyokunjwa kona, akalegeza bolti mbili zinazoishikilia kalipa kiasi cha kuifanya icheze. Kisha aliniambia nibonyeze mkono wa breki na nisiuachie. Pedi zikiibana diski, kalipa inavutwa yenyewe mpaka katikati. Alikaza bolti moja kidogo, akahamia ya pili kidogo, akarudi ya kwanza, hivyo hivyo kwa zamu, kwa sababu ukiimaliza moja kabla ya nyingine kalipa inajizungusha na kuhama. Mwisho aliweka karatasi nyeupe nyuma ya kalipa na kuchungulia. Mstari wa mwanga ulionekana kushoto kwa diski, na mwingine kulia. Akalizungusha gurudumu. Likaenda kimya.

Siku nyingine ilikuwa diski. Aliizungusha taratibu akitazama mahali inapokaribia pedi, akaweka alama kwa kalamu, kisha akaipinda kidogo kwa spana iliyofutwa ikawa safi kabisa. Alipinda, akazungusha, akatazama, akapinda tena kidogo zaidi. Alinikataza kuishika diski kwa vidole. Jasho na mafuta ya ngozi hunywewa na pedi, na pedi iliyokunywa mafuta hupiga kelele na kuteleza. Kwa sababu hiyohiyo, mnyororo ukipakwa oili, gurudumu la nyuma lifunikwe kwa kitambaa. Diski ikichafuka husafishwa kwa spiriti na kitambaa kipya. Pedi iliyolowa oili haina tiba ya kuaminika. Inunuliwe nyingine.

Pistoni nzito ina dawa yake. Gurudumu linatolewa, pedi zinatolewa, mkono unabonyezwa kidogo mpaka pistoni zitokeze milimita chache, na hapo ndipo vumbi la Kilosa linapoonekana limeganda kama pete jekundu. Pistoni husafishwa kwa spiriti na pamba, hupakwa tone la mafuta yaleyale yaliyomo kwenye breki, kisha husukumwa ndani kwa kipande cha plastiki au ubao laini. Bisibisi ya chuma huikwaruza, na pistoni nyingine ni za kauri, hupasuka. Kusukuma pistoni kabla ya kuisafisha ni kuupeleka mchanga kwenye sili kwa mkono wako. Na gurudumu likiwa nje, mkono wa breki usibonyezwe hovyo. Weka kadibodi iliyokunjwa kati ya pedi, la sivyo zitakutana na diski haitapata pa kuingia.

Suala la mafuta lilikuwa gumu zaidi kuliko spana. Katika maduka ya vipuri ya Kilosa na Mikumi, mafuta ya breki ni yale ya magari na pikipiki, DOT 3 na DOT 4. Ni mafuta mazuri kwa kazi yake. Lakini breki za baiskeli zimegawanyika koo mbili. Shimano na Magura hutumia mafuta ya madini. Hope, Hayes na breki nyingi za SRAM hutumia DOT. Sili za ukoo mmoja hazivumilii mafuta ya ukoo mwingine. Kijana mmoja wa jirani na shule yetu alikuwa na baiskeli ya aina ya yangu, ya mafuta ya madini, na breki yake ilipolegea alijaziwa mafuta ya pikipiki. Haukupita muda mrefu, mkono ukawa unabonyea na haurudi. Sili zilivimba zikazikaba pistoni, na breki nzima ikawa ya kutupwa. Kumbe jibu lilikuwa limeandikwa kwenye mfuniko wa kitangi, kwa herufi ndogo, muda wote. Tangu hapo kila anayenijia na breki za mafuta namwambia afute mfuniko, asome. Asipoona maandishi, asijaze kitu mpaka aijue breki yake. Wapo walionishauri mafuta ya cherehani na hata ya kupikia. Niliagiza mafuta sahihi kutoka Dar es Salaam, yakaletwa na kondakta wa basi hadi Mikumi, na chupa ile ndogo ilinitosha kwa muda mrefu.

Mikumi ndipo nilipojifunza kutoa upepo. Mji ule unaishi kwa barabara kuu. Malori ya Zambia na Kongo yanalala pale, na mafundi wake wanaijua breki kuliko wanavyojua kitu kingine. Kijana mmoja fundi wa malori na bodaboda alinieleza tofauti ambayo vitabu vyangu havikuwahi kuiweka wazi namna ile. Lori kubwa lina breki za upepo. Kwenye magurudumu ya nyuma, springi nzito ndizo zinazoshika gari likiegeshwa, na upepo ndio unaozizuia. Upepo ukivuja wote, springi zinaachiliwa na lori linasimama. Breki ya mafuta iko kinyume. Inategemea mafuta yasiyokubali kugandamizwa, na hewa inakubali. Kiputo kimoja kikiingia kwenye mpira, nguvu ya kidole inaishia kukifinya badala ya kuisukuma pistoni. Upepo uleule unaolitumikia lori ndio unaomwangusha mwenye baiskeli.

Dalili yake ni mkono unaozama bila kukaza, na ambao ukipampu mara kadhaa unajaa kwa muda, kisha unazama tena. Kazi ya kuutoa upepo tuliifanya kwa bomba la sindano la duka la dawa na kipande cha mpira unaoonyesha ndani. Kwanza tulitoa gurudumu na pedi ili zisidondokewe na mafuta, tukaweka kipande cha mbao kati ya pistoni. Tuliuzungusha mkono wa breki mpaka kitangi kikakaa sawa na ardhi, tukafungua tundu lake la juu na kuweka kikombe cha kupokea. Kisha tulisukuma mafuta mapya kutoka kwenye kalipa kwenda juu, kwa sababu hewa kwa asili yake hupanda, na anayeisukuma kwenda chini anapigana nayo bure. Tuligongagonga mpira na kalipa kwa mpini wa bisibisi, viputo vikajitenga na kupanda. Tulipoona mafuta yanatoka safi, bila kiputo, tulifunga chini, tukajaza juu, tukafuta kila tone kwa spiriti. Mkono ukakaza.

Kijana huyo pia ndiye aliyenifundisha joto. Malori yanayotoka Iringa hushuka mlima wa Kitonga kabla ya kufika Mikumi, na dereva mzoefu huteremka kwa gia nzito ili injini imsaidie kuzuia. Anayeng'ang'ania breki kutoka juu hadi chini anafika na moshi, akifika. Kwenye baiskeli kanuni haibadiliki. Mtu anayeshuka kutoka milima ya Vidunda kuelekea Kidodi akiikamata breki kidogokidogo njia nzima anaichemsha. Dawa ni kubonyeza kwa nguvu, kupunguza mwendo hasa, kisha kuachia diski ipoe, huku breki za mbele na nyuma zikisaidiana. Mafuta ya DOT yana udhaifu mwingine: yanavuta unyevu wa hewa. DOT 4 mpya haichemki chini ya nyuzi 230 za selsiasi, lakini ikishanywa maji kiwango chake kinaruhusiwa kushuka hadi 155. Mafuta yakichemka yanazaa mvuke, na mvuke, kama hewa, unakubali kugandamizwa. Ndiyo maana mafuta ya DOT hubadilishwa hata kama hayajapungua.

Sasa narudi kwenye sili.

Masika moja yalipokuwa yanaisha nilimpelekea yule mzee wa Kilosa baiskeli kwa ajili ya tairi. Breki zote mbili zilikuwa zimekaza vizuri, hazilii, hazitetemeki. Mzee alibandika kiraka, na kabla ya kurudisha gurudumu akainama, akachungulia ndani ya kalipa. Akachomoa pedi, akaniwekea kiganjani. Kilichobaki juu ya bamba la chuma kilikuwa chembamba kama ngozi ya kitunguu. Baadhi ya watengenezaji hushauri pedi ibadilishwe unene wa sehemu ya kusugua unapobaki nusu milimita, na hizi zilikuwa zimepita hapo. Tope la barabara yetu lina mchanga, na mchanga ukiingia kati ya pedi na diski ni msasa. Masika moja hula kile ambacho kiangazi kizima hakikuli.

"Hii haikukwambia kitu," mzee alisema, "kwa sababu haiwezi kukwambia. Ya waya ingekwambia. Ya fito ingekwambia. Hii inajisogeza, inajisogeza, mpaka chuma kikutane na chuma. Breki kama hii haingojwi ilalamike, mwalimu. Inatembelewa."

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Nilikuwa nimeisikia methali hiyo tangu utoto, na kwa kawaida hutumiwa kuonya juu ya watu. Mzee alinionyesha sababu yake. Kinachojirekebisha chenyewe hukupa utulivu mpaka uwezo wake wa kujirekebisha uishe, na unapoisha hakuna hatua ya katikati. Breki ya Phoenix hukupa wiki nzima ya kuonywa. Breki ya mafuta hukupa uimara uleule kila siku, halafu siku moja, kwenye mteremko, inakupa chuma.

Kilosa ingepaswa kulijua hili kuliko mji mwingine wowote. Mji ule ulikuwa na tuta la kuyazuia maji ya Mto Mkondoa. Mwaka baada ya mwaka mto ulijaa na kupungua, tuta likashika, watu wakalima na kujenga wakiliamini. Tuta linaloshika halimpi mtu sababu ya kulitazama. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 maji yalilivunja, yakaingia mjini, yakaacha maelfu ya watu bila makazi, na reli ya kati ikakatika kiasi kwamba safari za treni zilisimama kwa miezi. Mvua ilikuwa kubwa, hilo halina ubishi. Lakini tuta halichakai kwa usiku mmoja, na uchakavu wake haukupiga kelele iliyowafikia wengi.

Mimi ni mwalimu, kwa hiyo somo la mzee nililipeleka darasani. Katika kila darasa kuna wanafunzi wa aina ya Phoenix. Wakiwa na shida wanachelewa, wanasinzia, wanagombana, alama zinashuka, nasi tunawaita ofisini. Wapo pia wa aina ya pili. Shida ikiwapunguza wanasogea mbele kuifidia, na kwetu wanaonekana ni walewale. Nilianza utaratibu wa kukaa na kila mwanafunzi mtulivu mara moja kwa mwezi, hata kama hakuna kosa, na kumwuliza mambo matatu: unatoka umbali gani, umekula nini, nyumbani uko na nani.

Msichana mmoja wa kidato cha pili alikuwa na alama zisizoyumba muhula mzima. Madaftari yake yalikuwa safi, sare imepigwa pasi. Nilipokaa naye nilijua kwamba alikuwa akimuuguza bibi yake peke yake. Aliamka kabla ya jogoo kuchota maji na kupika uji, akatembea mwendo mrefu kuja shule, na usiku akasoma kwa kibatari bibi akishalala. Alama hazikushuka kwa sababu alikuwa akizilipia kwa usingizi wake na kwa chakula chake. Alikuwa amebakiwa na kidogo sana. Tulizungumza na ndugu zake na serikali ya kijiji, shangazi akahamia kwa bibi, na binti akapata mahali pa kulala karibu na shule. Alimaliza kidato cha nne. Hakuwahi kulalamika, na najua kwamba kama tungesubiri alalamike tungempoteza.

Kwa hiyo ninapoulizwa kuhusu breki za mafuta, siku hizi baiskeli hizi zikiwa zimezagaa kwenye mitumba ya Morogoro na Dar es Salaam, hujibu kwa vitendo. Ukinunua, kabla ya kuipanda popote bonyeza mikono yote miwili na uone upi ni wa mbele, kwa sababu baiskeli za Japani na Uingereza kwa kawaida huweka breki ya mbele mkono wa kulia, na za Marekani mkono wa kushoto. Mtu aliyezoea upande mmoja anaweza kuruka juu ya usukani akidhani ameshika ya nyuma. Soma mfuniko wa mafuta. Pima unene wa diski kama unaweza. Diski nyingi za Shimano huandikwa zenyewe kwamba zisitumike zikishapungua chini ya milimita 1.5. Ukiweka pedi mpya, zizoeshe diski: endesha mwendo wa wastani mahali pa wazi, shika breki mpaka ukaribie kusimama, achia, rudia mpaka uhisi zinang'ata. Bila hivyo pedi mpya haina nguvu yake kamili, hata ikiwa ghali.

Kisha panga siku. Wengine huchagua Jumamosi ya kwanza ya mwezi, wengine siku ya mshahara. Siku hiyo toa gurudumu hata kama breki imekaza, hata kama hakuna sauti yoyote, na tazama pedi kwa macho yako kwenye mwanga. Wakati wa masika fanya hivyo kila wiki. Kazi yenyewe inahitaji spana ndogo, kitambaa safi, spiriti na dakika chache.

Na ukishamaliza kurudisha gurudumu, mtafute mtu mmoja katika nyumba yako, darasa lako au kazi yako ambaye hajawahi kukusumbua. Mwulize hali yake, na usiondoke kwa jibu la kwanza la "salama".